Samaki aliyebaki na nguo za utotoni

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mlango wa kliniki ya meno bado umefungwa, na ndani, kwenye chumba cha kusubiria, mwanamke amepanda kigoda, mikono ya blauzi ameikunja hadi mabegani, mkono mmoja mzima uko ndani ya maji ya chumvi. Mdomoni ameuma futi ya fundi cherehani.

"Njoo, baba. Njoo tuone umefikia wapi," anasema, meno yakiwa yamebana futi.

Anayeitwa ni samaki. Anatokea nyuma ya jiwe bila haraka na kugeuza ubavu kwenye kioo. Mwili ni wa buluu, na juu yake imepita mistari ya njano, myembamba, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Mpokezi wa kliniki, ambaye humwona kila siku ya kazi, anaacha kufuta kaunta.

"Kila asubuhi najiambia leo simwangalii, nina kazi," anasema. "Halafu namwangalia."

Mwanamke anatia alama kwenye kioo kwa kalamu ya wino mzito na kuandika tarehe. Sentimita kumi na tisa. Mwaka mmoja na nusu uliopita, samaki huyu alikuwa na kumi na mbili, na alikuwa anakufa polepole mbele ya watu waliolipa kutibiwa meno.

Wateja humwita Bi Chumvi, kwa kuwa hafiki popote bila ndoo ya chumvi. Ana miaka arobaini na mitatu, ni mama wa watoto watatu, na kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akitunza matangi ya samaki wa baharini maofisini, saluni na hotelini. Ana wateja saba. Kliniki hii peke yake humpa theluthi ya kipato chake cha mwezi.

Daktari wa meno alimnunua kitatange huyu akiwa na urefu wa kidole. Kitatange mchanga hafanani na mkubwa hata kidogo: ni wa buluu nzito, na ubavuni ana duara nyeupe, moja ndani ya nyingine, kama dimbwi lililodondoshewa kokoto. Akikua, duara hufutika na mistari ya njano huja. Asiyejua ataapa ni samaki wawili tofauti.

Daktari aliuliza kama tangi la lita mia na ishirini litatosha. Bi Chumvi akamjibu alivyojibiwa yeye alipoanza kazi: samaki hukua kulingana na tangi lake.

"Nilisema bila kupepesa," anakumbuka. "Ni maneno matamu. Muuzaji anayapenda, mnunuzi anayapenda. Samaki hakuulizwa."

Ana mazoea ya kutia alama za urefu kwenye kioo kila baada ya miezi sita, kama anavyofanya kwa wanawe kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Mwaka wa kwanza alama zilisogea. Kisha tatu zikakaa mahali pamoja, wino juu ya wino. Bi Chumvi alidhani samaki ameridhika na nafasi yake.

Aliyezisoma sawasawa alikuwa mgonjwa: muuguzi wa kliniki ya watoto, shavu limevimba, pamba mdomoni.

"Dada, hizi tarehe ni za huyu?" muuguzi aliuliza.

"Ndiyo. Ameshafika mwisho wake."

"Nani kakwambia? Mtoto akiniletea kadi yenye mstari umelala hivi, simwachi mama yake aondoke. Namkalisha chini." Akasogea hadi pua ikagusa kioo. "Na hivi vishimo kichwani ni vya nini?"

Bi Chumvi alisogea naye kwenye kioo. Vishimo alikuwa ameviona. Mapezi yaliyochanika alikuwa ameyaona. Duara nyeupe zilizofifia bila mistari ya njano kutokea, hilo pia alikuwa ameliona. Miaka mitatu, na samaki bado amevaa nguo za utotoni.

"Hakuacha kukua kwa sababu ya adabu," anasema sasa. "Aliacha kwa sababu alikuwa anaumwa. Ukimbana mtoto kwenye viatu vya mwaka juzi, mguu haupungui. Unaumia."

Katika maji machache, anaeleza, kila kosa ni kubwa. Uchafu wa samaki mmoja huyajaza haraka. Mchana wa joto maji hupungua na chumvi inazidi makali. Na samaki aliyeumbwa kuzunguka miamba mizima anapiga mapezi mara tatu, anakutana na kioo.

Wiki moja alizunguka na jambo hilo kifuani. Kisha akaingia kwa daktari, akafunga mlango, akasema yote, pamoja na neno "nilikudanganya".

Daktari alivua glavu. "Kwa hiyo miaka mitatu nimekuwa nikiwatuliza wagonjwa wangu kwa mgonjwa mwingine?"

"Ndiyo, daktari. Ukitaka kutafuta fundi mwingine, nitaelewa."

"Fundi mwingine ataniambia ukweli?"

"Sijui."

"Basi tuendelee na wewe."

Makochi mawili yaliondolewa kupisha tangi la lita mia tisa. Kwa wiki sita lilikaa na maji na mawe tu, ili maji yakomae na kuota vijidudu vinavyosafisha uchafu, huku samaki akisubiri stoo ndani ya tangi la zamani. Wagonjwa waliuliza kama samaki yuko likizo.

Siku ya kuhama, Bi Chumvi alimdondoshea samaki maji mapya tone kwa tone ndani ya ndoo kwa saa mbili, kisha akamwachia. Samaki akajificha nyuma ya jiwe. Siku tatu hakula.

"Nilikuwa nampigia simu kila jioni," anasema mpokezi. "Namwambia, dada, wako bado kanuna."

Siku ya nne, simu ililia mapema. Mpokezi alikuwa ananong'ona, kana kwamba samaki angemsikia: kipande cha mwani kilichobanwa kwenye kioo kilikuwa kimeng'atwa pembeni.

Mwezi wa tano baada ya kuhama, Bi Chumvi akisugua kioo, aliona ubavuni uzi mmoja wa njano, mfupi kuliko ukucha. Alishuka kigodani akaketi sakafuni, maji yakimchuruzika viwikoni. "Nimezaa mara tatu," anasema. "Nilihisi vilevile."

Vishimo kichwani vimeziba, ingawa makovu yapo. Tangi la zamani liko jikoni kwake, limejaa vitunguu, na alama tatu bado zinaonekana kwenye kioo. Amezunguka kwa wateja wake wote kuwaambia ukweli. Wawili wamemfukuza. Wanne wameagiza matangi makubwa zaidi.

Safari hii daktari naye ameambiwa mapema: kitatange hufika sentimita arobaini, na hata tangi hili litamtosha miaka michache tu.

Bi Chumvi anakausha mikono na kuuelekezea kidevu ukuta unaotenga chumba hiki na stoo.

"Ule hauna nguzo ndani, unaweza kubomolewa," anasema. "Nimeshaugonga."