Siku Niliyomjibia Mama Hansa

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini kwa vile mmeshaanza kunicheka kabla sijafungua mdomo, wacha niitoe.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa cherehani mjini Kisii, nikikaa mlangoni mwa duka la vitambaa la Mama Hansa na mumewe, Wahindi waliozeekea hapa na kujua Ekegusii kushinda vijana wetu. Mama alikuwa ameanza kusahausahau. Daktari akawaambia mapema: asikae bure, atembee, dawa za presha asiruke, na kichwa kifanye kazi kila siku. Basi mteja akiingia, Mzee humwuliza mkewe, "Na huyu ni nani?" na hatajiwi jina mpaka ajaribu mwenyewe.

Mimi nilimwonea huruma (huruma ya kijinga, sasa najua). Siku moja ya soko wakaingia akina mama wa kwaya kutoka Gesima kuchukua majoho yao, nami nilikuwa namalizia la mwisho. Mzee akamwonyesha aliyetangulia na kuuliza, Mama akasita, nami, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, nikainama upande wa kaunta nikanong'ona, "Kemunto."

"Kemunto!" Mama akasema kwa furaha.

Kemunto tulikuwa tumemzika mwezi uliopita (mimi mwenyewe nilikuwa matangani!), na huyu alikuwa mdogo wake, Moraa, wamefanana sura, na sasa machozi yanamtoka. Nikainuka nikimbie, nikavutwa nyuma. Kumbe nilikuwa nimeshona mkono wa shati langu kwenye joho la kwaya! Nikabaki pale nimefungwa kama mbuzi, kwaya nzima inanitazama.

Mama hakujitetea. Akatoka nyuma ya kaunta, akamshika Moraa mikono, akafumba macho. Mzee akainua kidole tusimsaidie. Tukangoja, tukangoja.

"Wewe ni Moraa," akasema polepole. "Dada yako ndiye aliyechagua majoho ya rangi hii ya damu ya mzee. Alisema nyeupe haiwezi matope ya Gesima. Pole, mwanangu."

Moraa akamkumbatia, analia na kucheka.

Kisha Mama akaja na makasi kunikomboa. "Fundi, daktari alinipa kazi. Mbona unanifanyia?"

"Nisamehe, Mama."

"Nikikosea, niache nikosee mwenyewe."

Alikaa kwenye kaunta ile miaka kadhaa zaidi. Majina mengine yalimponyoka kweli, lakini kila asubuhi alianza upya bila haya, na ujasiri kama ule sijauona tena. Mimi siku hizi mtu akisita katikati ya neno, nafunga mdomo wangu na kungoja, hata chai ipoe.