Elfed Mabomba na Wiki Isiyo na Kiingereza

Haya ninayowaandikia hamtayaamini, na sitawalaumu. Mimi nimeamini mambo mengi ya ajabu maishani, mengine nikiwa nimeyatunga mwenyewe, lakini hili lilinikwama kooni. Ila nilikuwepo. Nilisoma darasa lile lile, na nilimaliza wa kwanza, ukiwatoa wale wanane walionipita.

Elfed mnamjua. Bomba likipasuka hapa kwetu Cwm Helyg, kusini mwa Wales, ndiye anayeitwa, kwa hiyo hakuna anayehangaika na jina la ukoo wake. Ni Elfed Mabomba, kama alivyo Huw Mkate, na yule Huw mwingine wa majeneza. Mtu mnene, mpole, miaka sitini na tatu. Jina la Kiwelisi, pua ya Kiwelisi, na Kiwelisi chenyewe hana hata cha kuombea chumvi. Baba yake alitoka bonde la makaa ya mawe ambako lugha ilishakufa zamani. Mama yake, Bi Ceinwen, alizaliwa nayo. Nyumbani pakawa Kiingereza, na watoto wawili, Elfed na mdogo wake Nerys, wakakua hivyo. Basi, ndivyo Elfed alivyojua.

Sasa Bi Ceinwen ana miaka themanini na tisa, yuko nyumba ya wazee, na Kiingereza kimemtoka chote kama rangi ya shati la bei rahisi. Imebaki lugha aliyonyonya. Kila Jumapili baada ya chakula Elfed huenda na Nerys, huketi kwenye kiti cha dirishani, na kila Jumapili mama humtazama, husema maneno yale yale, kwa adabu, akinyoosha kidole mlangoni. Wauguzi ni Wafilipino, hawana msaada. Elfed humgeukia dada yake, anasemaje? Nerys huinua mabega.

"Nijulie wapi, kaka? Mimi na wewe ni wale wale."

Miaka mitatu. Mwishowe Elfed akafunga karakana, akalipia wiki nzima kwenye shule ya lugha kule kaskazini, katika nyumba za zamani za wachonga mawe, chini ya mlima, mbele ya bahari. Alitaka kitu kimoja tu: ajue mama yake anamwambia nini, kisha amjibu. Nerys alisema mgongo unamuuma. Akasema paka hana wa kumlisha. Elfed akambembeleza, akamlipia na paka. Mimi nikajiongeza, maana msafara wowote bila mimi huwa mkavu.

Sheria ya pale ni moja. Kuanzia Jumatatu asubuhi, Kiingereza mwiko. Ukiteleza, unaosha vyombo. Mwalimu wetu, Tegid, kijana mwembamba mwenye subira ya ng'ombe, alitulisha kiapo tukiwa tumesimama na vikombe vya chai mkononi. Kufikia Jumanne jioni Elfed alikuwa ameosha sahani za watu ishirini na nne, kwa sababu kila alipojigonga, na yeye hujigonga sana, alitukana kwa Kiingereza. Nerys hakuosha hata kijiko. Alikuwa akikosea, lakini makosa yake yalikuwa safi, kama ya mtu aliyeyapiga pasi kabla ya kuja nayo. Mimi niliona. Sawa, niliona baadaye.

Jumatano baada ya chakula cha mchana Elfed alibeba mzigo wake wa sahani kwenda jikoni. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani alikuwamo mpishi, Menna, mwanamke wa kusini kama sisi, na mtu mwingine, wanazungumza Kiwelisi cha kasi, cha kukatizana na kucheka, kile ambacho hakuna wiki inayokitoa. Elfed alifurahi kwa jinsi sauti ile ilivyofanana na ya mama yake zamani. Akasukuma mlango kwa kiwiko.

Alikuwa Nerys. Na Nerys, alipomwona kaka yake, bila kufikiri, alifanya lile ambalo Mwelisi yeyote mwenye malezi hulifanya akiingia mtu asiyejua lugha. Aligeukia Kiingereza. Katikati ya neno. Na Menna naye akageuka pamoja naye, kwa adabu, wakaendelea kuzungumzia bei ya siagi.

Katika nyumba ile yenye kiapo, watu wawili wanaojua wakavunja sheria kwa heshima ya mmoja asiyejua. Na hapo ndipo Elfed alipoijua. Si lugha, ile kona ya maongezi. Alikuwa ameisikia kila siku ya utoto wake, akitoka shule, akifungua mlango wa jikoni kwao, mama na Nerys wakikanda unga, na maongezi yanageuka kama gari lililoona ng'ombe barabarani. Alidhani ndivyo wanawake wanavyozungumza.

Aliweka sahani chini moja moja. Menna akakumbuka kwamba ana kabichi nje.

"Tangu lini?" Elfed akauliza.

Nerys alijaribu kucheka, akasema ni maneno mawili matatu tu. Elfed akamwambia asimzungushe. Basi akasema. Mama alimfundisha Kiwelisi tangu anatambaa. Baba alitaka mtoto wa kiume apewe Kiingereza kitupu, apate kazi nzuri, na mama akakubali kwa sharti kwamba binti ni wake. Na Kiwelisi wasikizungumze mbele ya wanaume, si adabu. Adabu ikawa mazoea, mazoea yakawa siri, na siri ukiishaikalia miaka hamsini, unaamkaje juu yake?

"Na Jumapili?" Elfed akasema. "Anasema nini?"

"Kaka, achana na hilo."

"Anasema nini, Nerys?"

Nerys alifuta mikono ambayo haikuwa na maji. "Anasema, bwana huyu ni mwema sana, lakini mwambie anipishie hicho kiti. Mwanangu Elfed yuko njiani."

Elfed hakutukana, kwa lugha yoyote. Alisema tu kwamba miaka mitatu amekalia kiti cha mtu anayesubiriwa, na Nerys alijua, akamtazama tu. Nerys akasema alikuwa akimwonea huruma. Elfed akajibu huruma hiyo angempa paka.

Hakuondoka. Alhamisi alikuwa darasani wa kwanza, na Tegid, masikini, asiyejua lolote, akawapanga wawili wawili, Elfed na Nerys pamoja, waulizane habari za nyumbani. Nerys akauliza, sauti imemkauka, jina lako nani. Akajibu. Unakaa wapi. Akajibu.

"Una dada?"

"Hapana," Elfed akasema kwa Kiwelisi safi. "Sina dada."

Tegid akapiga makofi, akatuambia sote tusikie jibu lilivyo kamili. Nerys akaendelea kutazama karatasi yake. Mimi, ambaye siku zote nina la kusema, nilitafuta kalamu chini ya meza kwa muda mrefu sana.

Jumapili wakaenda kwa mama, kwa magari mawili. Nerys akabaki ukumbini, kwenye benchi karibu na mwavuli wa mtu, maana Elfed alimwambia leo hahitaji mkalimani aliyekuwa bubu. Akaingia peke yake. Sikuingia, lakini najua kilichotokea kama ninavyojua jina langu. Hakukaa. Alisimama karibu na kile kiti, akamwambia kwa Kiwelisi, mama, ni mimi Elfed, nimefika. Na Bi Ceinwen, ambaye miaka miwili hajasimama, akainuka, akamshika uso kwa mikono miwili, akalia, wakazungumza saa tatu nzima, mpaka wauguzi wote wakajaa mlango...

"Dakika tatu," anasema Elfed. Yuko hapa nyuma yangu, amekuja kutengeneza sinki langu, anasoma juu ya bega langu bila haya. "Na hakuinuka. Kwa lafudhi ile ya shuleni, aliniuliza kama mimi ndiye mchungaji mpya wa kanisa kutoka kaskazini, akaniambia nikae mpaka mwanawe atakapokuja. Andika hivyo."

Sawa, naandika dakika tatu. Lakini alikukaribisha kitini, mtu wangu, hilo hulikatai, na katika dakika hizo tatu mlisemezana maneno yasiyopungua mia nne, tena Nerys kule nje akiyasikia yote na kupiga magoti kabisa kwenye sakafu ya ukumbi akiomba...

"Maneno kumi na moja," anasema Elfed. "Na Nerys alikuwa ameshaondoka."