Nyati Wawili wa Mwalimu Ghanashyam

Mwalimu Ghanashyam Upreti hajawahi kuzungumza Kiingereza na mtu akajibiwa. Amekifundisha miaka kumi na tisa hapa Charikot, mji wa milimani mbali na Kathmandu, kwenye chumba kilicho juu ya duka la viatu, na kwa njia moja tu: anaandika ubaoni, tunanakili, tunaimba mpaka koo likauke. Ukiuliza maana, anakwambia maana utaikuta mbele ya safari. Shuleni tulisomeshwa hivyohivyo, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Zamani alifundisha barua za kuomba ruhusa ya ugonjwa. Tetemeko lilipokuja, na nyuma yake mashirika ya misaada, mtu huyu alibadilisha bango kabla ya kuziba ufa wa ukuta: KIINGEREZA CHA MAAFA, WIKI SITA. Tukajaa kama dengu kwenye gunia. Tulikariri kitovu cha tetemeko, mabamba ya ardhi, ustahimilivu. Siku tatu nzima tulikuwa kwenye tsunami, sisi ambao bahari tunaijua kwa picha za kalenda. Volkano nayo tukapewa, ya akiba.

Humo darasani alikuwemo Sanumaya Thami, mama wa binti wa miaka saba. Mumewe alikwenda Malaysia akapotelea hukohuko. Pasipoti ya Sanumaya ilikuwa tayari kwa wakala wa kazi za ndani Kuwait, na binti angebaki kwa jirani. Kitu kimoja tu kingemzuia: shirika moja lilitaka wakalimani watano wa kuzunguka vijijini. Akipata, anabaki na mwanawe. Asipopata, anapanda ndege.

"Dada Sanumaya, sauti!" mwalimu alikuwa akimfokea. "Unaomba kazi, hutubu dhambi!"

Kwa ajili ya usaili alituandikia jibu moja, la wote: Nyumba yangu ilianguka. Nyati wangu wawili wa maziwa walifukiwa. Nilihuzunika sana, lakini sisi ni watu wastahimilivu.

"Mwalimu, mimi sikuwa na nyati," Sanumaya akasema.

"Sasa unao. Wawili. Nakili."

Usaili ulifanyika ndani ya hema, kwa hiyo foleni nzima ilisikia. Msaili alikuwa mama wa Kizungu, mpole, ambaye asubuhi ile alizikiwa nyati wawili, wakawa wanne, wakafika ishirini na sita. Sanumaya alikuwa wa kumi na nne. Alipokaa tu, yule mama aliweka kalamu chini.

"Na wewe? Nyati wangapi?"

Halafu tukamsikia Sanumaya, kwa Kiingereza cha kuokota jiwe mojamoja: "Hakuna nyati. Mama mkwe. Yeye ndani, mimi shamba. Mimi chimba na jembe. Siku mbili. Jembe gusa nywele yake."

Mzungu akalia. Akamwambia arudi Ijumaa, duru ya pili, pamoja na sisi wengine tuliochaguliwa, amwone mkubwa kutoka Kathmandu.

Aliyepeleka habari kwa mwalimu ni mimi na mdomo wangu. Mwalimu hakuuliza nani alikufa wala lini. Aliuliza, "Alilia kweli? Machozi?" Jumatano nyati walikuwa wamefutwa ubaoni. Mahali pao palikaa mama mkwe, jembe, siku mbili na nywele, vyote vimenyooshwa sarufi. Sanumaya mwenyewe hakuwepo. Alikuwa mlimani akikata majani ya mbuzi.

"Lakini hiyo si ni ya dada Sanumaya?" msichana mmoja wa nyuma akauliza.

"Maafa ni ya taifa zima," mwalimu akajibu. "Imba!"

Tukaimba. Hata wale ambao hawajaoa walizika mama wakwe.

Ijumaa yule mama wa Kizungu alikuwa ameshahamishiwa wilaya nyingine. Mkubwa wa Kathmandu, bwana mwenye tai na mafua, alisikiliza mama wakwe saba mfululizo. Wa tano nilikuwa mimi, na nilitoa hata kwikwi. Sanumaya akaingia wa nane. Alipofika kwenye jembe, yule bwana akafunga faili, akahamia Kinepali ili asieleweke vibaya.

"Dada, angalau ungetunga ya kwako."

Hakubishana. Alitoka, akapita mbele yetu bila kututazama, akapanda ngazi za duka la viatu. Nilimfuata, sijui nikamwambie nini. Kundi jipya lilikuwa likinakili. Sanumaya alichukua kitambaa akafuta ubao wote, kuanzia nyumba mpaka nywele.

"Aah, dada! Hatujamaliza!" darasa likalalamika.

"Una wazimu?" mwalimu akasema. "Hawa wana usaili Jumatatu!"

Kijana mmoja wa mbele, kalamu hewani, hakuwa hata amemtazama usoni. "Dada, jembe linaandikwaje?"

"Nenda kachimbe kwanza," Sanumaya akamwambia, akaweka kitambaa mezani.

Hakuwa amefika barabarani, mwalimu alishaanza kuandika upya. Alikuwa ameikariri.

Sanumaya alisafiri Jumanne kwa basi la alfajiri. Mimi kazi nilipata. Nimezunguka vijiji kumi na moja sasa, na katika vyote hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu tsunami. Wananiuliza mabati yanakuja lini, na hilo mwalimu hakutufundisha jibu lake kwa lugha yoyote.