Viatu vya Chini ya Bahari

Mama yangu anauza viatu vya mtumba sokoni Iringa. Asubuhi moja nilimwonyesha kwenye simu ile meli maarufu iliyogonga barafu, inavyoliwa na kutu chini ya bahari. Kutu haikumshughulisha. Alitazama viatu vilivyolala kwenye tope, akaisifu ngozi yake. Akauliza nani alivipanga jozi jozi, maana yeye asipovifunga vyake kwa kamba hubaki na mguu mmoja mmoja. Nikamwambia havikupangwa, wenyewe walikuwa wamevivaa, wakaoza, vikabaki. Akanirudishia simu.

Mchana mteja akamtania, kama wanavyotania wengi, kwamba anauza viatu vya marehemu wa Ulaya. Siku zote mama humjia juu mtu wa namna hiyo. Siku hiyo alimfungia tu jozi yake kwa kamba, akampa.