Mama Gundi na Mstari wa Mwisho wa Fomu

Saa moja kasorobo asubuhi Mama Gundi ameshatoka. Mkoba wa turubai uko begani, kilemba kimefungwa nusunusu, na mguu mmoja umeshafika barabarani kabla mama mwenye nyumba hajamkuta na kikombe cha chai.

"Kunywa hata mafunda mawili, mwenzangu!"

"Nikirudi."

"Jana ulisema hivyohivyo. Chai yako nikamwagia maua."

"Yamenawiri?" anauliza Mama Gundi bila kugeuka, na kona ya kwanza imeshammeza.

Ana miaka sitini na miwili, mwembamba, na kutembea polepole hakujui. Jina la utani limetokana na vidole vyake. Kazi yake ni kujalidi vitabu, na gundi imeganda kwenye kucha mpaka haitoki tena. Vitabu vya shule, madaftari ya ofisi, vitatu au vinne kwa siku kazi ikipatikana. Hicho ndicho kinachomlisha.

Kazi yake ya pili haimwingizii hata senti. Anawasaidia watu waliopigwa wakiwa mahabusu, au waliobambikiwa kesi, kupeleka malalamiko yao panapohusika.

Ndani ya miaka minane ameishi miji kumi na saba. Anapanga chumba kwa mwezi, anakaa mpaka watu wa hapo waijue njia wenyewe, halafu anafunga mkoba.

"Nikikaa sana mgongo unaniuma," anasema. "Na watu wanaanza kunisubiri mimi badala ya kuandika wenyewe."

Kila anapopita anaacha vijitabu vya kurasa kumi na sita alivyovishona kwa mkono. Havina maneno makubwa. Vinasema usifue shati lenye damu kabla daktari hajaliona. Vinasema usikabidhi karatasi bila kubaki na nakala iliyogongwa muhuri, na aliyeipokea muulize jina, "hata akikununia".

Amesindikiza malalamiko mia mbili na kumi na moja. Thelathini na nane yalifika kusikilizwa. Tisa tu yaliishia kwa mtu kuadhibiwa.

"Mengi yanauawa na karatasi moja," anasema, na hapo hatua zinaongezeka.

Leo karatasi hiyohiyo inataka kuua lalamiko la fundi baiskeli mmoja, mwanamume wa miaka thelathini na minne. Kamati ya malalamiko inakaa saa tatu. Ikilikataa leo, hairuhusiwi kulipokea tena.

Fundi yuko kwenye benchi la ukumbini, amepakata mkono wake wa kulia kama mtoto wa mwenzake. Vidole viwili havikunji tangu atoke kituoni. Pembeni yake ni dada yake, msafishaji wa zahanati, anayesoma bango moja la ukutani kwa mara ya ishirini.

"Mama, hatujalala," anasema dada.

"Na mimi sijanywa chai. Tuko sawa. Fundi, nielezee tena, kama hunijui."

Fundi anaeleza. Walimkamata Jumatano kwa baiskeli ya wizi ambayo mteja alimletea kuziba pancha. Alipoingia kituoni aliwekewa karatasi mbili, akatia saini zote. Usiku wa Alhamisi walimpiga ili amtaje mwizi asiyemjua. Jumamosi walimwachia, wakamrudishia mkanda na viatu.

"Siku ya kutoka ulitia saini?"

"Kwa mkono gani, mama? Mkono ulikuwa kama mkate."

Lakini kituo kina fomu ya kutoka, yenye tarehe ya Jumamosi na saini yake, safi kabisa. Juu imeorodhesha mali zilizorudishwa. Chini, kwa herufi ndogo, upo mstari wa mwisho: *Nimepokea mali zangu zote na sina malalamiko yoyote dhidi ya kituo.*

Mama Gundi ameiona nakala yake. Hakuhangaika na saini. Aliangalia namba nyekundu pembeni, kisha akaandika barua ya kuomba kituo kilete kitabu kizima ilikotoka fomu hiyo. Nakala ya barua, yenye muhuri, imo mkobani.

"Wewe mambo ya vitabu vyao umeyajulia wapi?" fundi anauliza.

Mama Gundi anasimama, anakaa, anasimama tena.

"Nilivijalidi mimi. Miaka kumi na minne, kiwanda cha uchapaji. Vilikuwa vinanijia kwa mamia. Mimi naangalia namba zifuatane na gundi ishike. Maneno sikuwahi kuyasoma."

Fundi anamkazia macho.

"Kwa hiyo ule mstari umepita mikononi mwako?"

"Umepita."

"Na hukuona kiberiti humo kiwandani ukavichoma?"

"Kaka! Adabu!" dada anamkemea.

"Mwache," anasema Mama Gundi. "Swali lake ni halali."

Anaanza kutembea ukumbini, huku anasimulia. Mdogo wake, mchomeleaji, alitoka mahabusu sikio moja likiwa halisikii. Kamati ikalitupa lalamiko lake kwa dakika nne. Mama Gundi akaonyeshwa fomu, akaigeuza, na ukingoni akaona gundi ya kiwandani kwao.

"Nikausoma ule mstari kwa mara ya kwanza. Wiki hiyo kazini sikuweza kukaa. Mwezi uliofuata niliacha, na kukaa kwenyewe ndiyo hivyo unavyoniona."

Fundi anasogea kidogo kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja inapatikana. Mama Gundi anakaa, kwa dakika nzima.

Saa tatu na nusu wanaitwa. Mwenyekiti wa kamati ni mzee mwenye mafua, leso haimtoki mkononi. Kituo kimemtuma inspekta kijana aliyehamia hapo mwezi uliopita. Ana fomu moja mezani, na kitabu chembamba kwapani.

"Mheshimiwa mwenyekiti, jambo ni fupi," anasema inspekta. "Alitia saini kuwa hana malalamiko. Leo anayatoa wapi?"

Mwenyekiti anamgeukia fundi. "Hii ni saini yako?"

"Ni yangu, mzee. Ila—"

"Ni yako."

Dada anashika ukingo wa kiti. Mama Gundi anainua mkono, kisha anainuka mzima.

"Mwenyekiti, naomba inspekta asome tarehe kwenye kitabu alichokuja nacho. Fomu ya fundi ni namba arobaini na mbili. Asome iliyotangulia na iliyofuata. Sina zaidi."

"Wewe ni wakili?"

"Mjalidi."

"Mjalidi wa nini?"

"Wa hicho kitabu, na vingine kama hicho. Namba hizo hazirukwi. Karatasi inatumika ikifika zamu yake."

Mwenyekiti anapenga kamasi, anafikiri. "Soma, inspekta."

Inspekta anafungua kitabu. Kurasa za njano zilizobaki humo zina maandishi ya kaboni, nakala ya kila fomu iliyochanwa.

"Arobaini na moja, Jumatano. Arobaini na mbili, Jumamosi. Arobaini na tatu..."

Kidole chake kimesimama kwenye karatasi.

"Nakusikiliza."

"Jumatano, mheshimiwa."

"Arobaini na nne?"

"Jumatano."

Mwenyekiti anaweka leso chini. "Yaani alitia saini kuwa hana malalamiko Jumatano, alipoingia. Kabla hajaguswa na mtu. Tarehe ikaandikwa baadaye."

Inspekta anafungua kurasa nyingine bila kuambiwa. Anapata fomu nyingine saba zilizo hivyohivyo. Anazitaja namba moja moja, kila namba kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia, na karani anaziandika.

Lalamiko linapokelewa. Fundi anauliza mara mbili kama ni kweli. Dada analia, kisha anakasirika kwa kulia. Wanapotafuta pa kupeleka shukrani, Mama Gundi ameshafika kwenye ngazi. Anataka majina ya wale saba kabla ofisi ya karani haijafungwa.

"Watu hao wako nyumbani wanaamini wamekwisha," anasema akishuka. "Mmoja huenda anaondoka mjini leo."

Mpango wake ni mmoja tu: mstari ule ufutwe kabla hajafikisha miaka sitini na mitano.

Hayo yalitokea mwezi Februari. Yaliyofuata ni haya.

Askari wawili walisimamishwa kazi. Mmoja amerudi, wa pili anauza vifaa vya ujenzi. Inspekta amehamishiwa stoo. Mwenyekiti amestaafu.

Fundi bado anatengeneza baiskeli, kwa mkono wa kushoto, na kesi yake ya fidia imeahirishwa mara tano. Dada yake huandikia watu malalamiko kila Jumatatu nyuma ya zahanati. Katika wale saba, watano walipatikana na watatu wakakubali kulalamika. Mchomeleaji, mdogo wa Mama Gundi, bado anachomelea, na habari za kituo hataki kuzisikia.

Mama Gundi alihama siku tisa baada ya kikao, na chumba chake amepangishwa mwalimu. Barua yake ya nne ya kuomba mstari wa mwisho ufutwe imepokelewa na kugongwa muhuri. Haijajibiwa.