Gololi Aliyoipaka Mama Mafuta ya Nazi

Mama yangu alikuwa akitengeneza hereni na mikufu ya shaba katika karakana ndogo huko Bombolulu. Mguu wake mmoja ulilemazwa na polio, kwa hiyo alifanya kazi ameketi, tupa mkononi, na aliyethubutu kumhurumia alikiona cha mtema kuni.

Mimi kazi yangu iko ughaibuni, kwenye maabara ya chuo. Tunaunda kipimo kidogo, kiasi cha kiberiti, kinachopanda na satelaiti. Huko juu kuna gesi nyembamba yenye umeme. Satelaiti ikipita ndani yake hujikusanyia chaji mwilini, na chaji ikizidi, cheche huruka na kuunguza mitambo. Kipimo chetu huionja gesi hiyo kwa gololi ndogo iliyo kwenye ncha ya kijiti.

Nilipomweleza Mama kwa simu, alicheka. "Gololi tu? Na mashine zote hizo za Wazungu?"

"Lazima iwe mviringo kamili, Mama."

"Basi nitakufanyia mimi. Ikipaa nami nipate la kuwaringia majirani."

Mkuu wangu alikubali shingo upande: ikifaulu majaribio tutaipaka dhahabu, itaruka. Nikamwagiza Mama asiishike kwa mkono mtupu akishaimaliza, maana mafuta huzuia dhahabu kushika na kuharibu vipimo.

"Haya mwalimu, nimesikia," akasema.

Hakusikia. Kifurushi kilinifikia siku tisa baada ya mazishi yake. Presha ilimwondoa ghafla, na pasipoti yangu ilikuwa imekwama kwenye maombi ya viza, kwa hiyo hata kumzika sikumzika. Nilikifungua peke yangu maabarani. Gololi ilikuwa imefungwa kwa kipande cha leso yake na kupakwa mafuta ya nazi, kama alivyofanya kwa kila kitu alichokipeleka mbali, ili shaba isififie. Chumba kizima kilinukia yeye. Sijawahi kuwa na hamu ya kumwona mtu vile. Juu ya mafuta palikuwa na alama ya kidole gumba chake, wazi kabisa.

Mkuu aliniambia nibaki nayo, tungetumia ya kiwandani. Nilikaa nayo mezani siku mbili, nikiiangalia bila kuigusa. Lakini Mama hakutengeneza pambo la meza. Alitaka kitu chake kipae. Siku ya tatu nikavaa glavu, nikaiosha kwa spiriti mara tatu, kama inavyotakiwa, huku machozi yakinidondoka kwenye barakoa. Kitambaa cha mwisho kilitoka cheupe. Leso ninayo bado, ingawa siku hizi inanuka kabati.

Gololi iko juu sasa. Vipimo vya kwanza viliposhuka, mwenzangu aliukagua mstari kwenye skrini na kusema kwa furaha kwamba ni safi, hakuna dalili yoyote ya mkono wa mtu.

Nikamwambia najua, mkono huo niliufuta mwenyewe.