Sanduku Jeupe Mgongoni mwa Kiti

Efo Senanu, yaani kaka Senanu kwa watu wote, aliendesha gari la abiria kati ya Kpeve na Hohoe, gari refu la safu tatu za viti, na kwa muda mrefu hakuna aliyemlaumu ila kwa jambo moja: aliendesha taratibu. Hakugusa pombe kali ya akpeteshi kabla ya kazi wala baada yake. Viti vikijaa, hakuongeza mtu. Kila asubuhi alifuta vioo kwa mikono yake, akasali, akawasha gari. Maisha ya namna hiyo hayana sifa mitaani, na hiyo ni aibu ya mitaa, si yake.

Maneno yalianza siku alipolitoa sanduku la huduma ya kwanza kwenye buti.

Katika kila gari la kituo, sanduku hilo lilikuwa na mahali pake: chini kabisa, chini ya magunia ya mihogo na madumu ya mawese, na mlango wa buti ukafungwa kwa kamba. Lilikuwa la kuonyeshwa askari wa barabarani. Abiria hawakuonyeshwa, kwa kuwa waliamini kwamba abebaye bandeji waziwazi anaita damu. Mtu mzima haonyeshwi sanda yake, walisema.

Senanu naye aliamini hivyo, mpaka siku aliposimama kusaidia gari la mwenzake lililotumbukia mtaroni. Mwalimu mmoja alikuwa akivuja damu mkononi. Wanaume wakahangaika na mafundo ya kamba, wakashusha gunia baada ya gunia. Sanduku lilipopatikana, likiwa kamili na halijawahi kufunguliwa, mwalimu alikuwa amekwisha kunyamaza. Watu husema ajali haina kinga. Kwa neno hilo wamewazika wengi ambao kinga yao ilikuwa hatua chache tu kutoka walipolala.

Juma lilelile Senanu akalikaza sanduku kwa skrubu mgongoni mwa kiti chake, jeupe, lenye msalaba mwekundu, likiwatazama abiria usoni. Kizima moto akakiweka miguuni pa abiria wa mbele, na pembetatu za kuonya akazilaza chini ya kiti.

Wa kwanza kushuka alikuwa Akpene, muuza mikate ya abolo, mwanamke ambaye mdomo wake ulifika sokoni kabla ya vikapu vyake.

"Efo, hiki nini?"

"Sanduku la dawa, Daavi," akamjibu, kama aitwavyo dada mkubwa kwa heshima.

"Nani mgonjwa humu?"

"Hakuna."

"Basi unamngoja nani?" Wenzake wakacheka. "Mimi nakwenda kuuza, siendi wodini. Hilo dude linanitazama kama mchimba kaburi anayenipima urefu."

Wengine wakamfuata. Tangu hapo gari la Senanu likawa la mwisho kujaa, na siku nyingine halikujaa kabisa. Hatimaye Klutse, mwenyekiti wa kituo, akamwita pembeni.

"Senanu, ndugu yangu, dawa irudi kwenye buti. Watu hawaitaki."

"Mwenyekiti, dawa iliyo chini ya mihogo ni ya mihogo."

"Basi utabeba mihogo. Nakupa mpaka soko lijalo. Ukilishikilia hilo sanduku, utatoka kwenye foleni yangu."

Dereva aliyetolewa kwenye foleni hana kazi. Senanu alilijua hilo, na mkewe alilijua zaidi. Lakini sanduku likabaki.

Siku ya soko mvua ilinyesha. Akpene akachelewa na vikapu vyake, akakuta magari yote yameondoka ila la Senanu. Akapanda akinuna, akakivua kitambaa chake cha kichwa na kulifunika sanduku.

"Nimelifunika uso. Twende."

"Lifunike tu, Daavi," Senanu akasema. "Usilifunge."

Nusu ya njia wakakuta pikipiki imelala barabarani na mabati yametawanyika. Bati moja lilikuwa limempasua mwendeshaji paja. Damu ilitoka kwa kuruka, kwa mapigo.

"Usisimame, dereva," mtu akasema nyuma. "Tutaulizwa sisi."

Senanu akasimama. Aliiweka pembetatu barabarani, akarudi akikimbia. "Daavi, sanduku."

Akpene alikuwa ameketi mbele ya sanduku kabisa. Akalitazama, kisha akakivuta kitambaa, akalifungua. Lilifunguka kwa kidole kimoja. Senanu akarundika pamba na vitambaa juu ya jeraha, akalemea kwa uzito wote, na wanaume wakambeba yule mtu mpaka kiti cha katikati. Hapo ndipo kila mmoja alipoelewa kwamba dereva ni mmoja tu, na mikono yake haiwezi kuwa mahali pawili.

"Nani atashika?"

Wanaume wakatazamana.

"Mimi sijui mambo haya," Akpene akasema, lakini glavu za sandukuni zilikuwa tayari mikononi mwake.

"Hakuna cha kujua. Kandamiza, usiachie, usichungulie."

Akapiga magoti kati ya viti. Senanu akaendesha kwa mwendo usiotikisa, taa zikiwaka. Katika kioo aliona mdomo ule usiojua kupumzika umefumba. Abiria wote walikuwa wakiitazama mikono ya Akpene. Chini ya viganja vyake moyo wa mtu asiyemjua jina ulipiga, ukafifia, ukapiga tena. Akpene aliogopa hata kupumua, asije akaupeperusha.

Hospitalini Hohoe muuguzi alilazimika kumbandua vidole.

"Mama, achia sasa."

"Niachie?"

"Tumemshika sisi."

Walingoja kwenye benchi, yeye na Senanu, mpaka daktari akatoka na kusema yule mtu ataishi. Akpene hakupiga kelele za shangwe. Aliigeuza mikono yake, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Efo, nimezaa watoto watano. Sikujua uhai ni kitu unachoweza kukishika hivi. Ulikuwa unanigonga hapa, kama mtu anayebisha hodi."

"Ni kweli, Daavi."

"Na mimi nililifunika uso."

Lawama aliyokwisha kujipa mtu haihitaji kuongezwa.

Waliporudi Kpeve habari ilikuwa imetangulia. Wanawake walilizunguka gari wakinong'ona, na mmoja aliligusa sanduku kwa ncha za vidole, kisha akajigusa kipaji cha uso. Hapo Senanu akawa mkali kuliko walivyowahi kumwona.

"Jana mlilikimbia, leo mnaliabudu. Si mzimu. Ni sanduku. Anayepanda gari langu alifungue kwanza, ajue pamba iko wapi."

Wakapanga mstari, Akpene akiwaelekeza. "Hapa, bonyeza. Siyo hivyo, mama, hufungui chungu." Mmoja baada ya mwingine wakafungua, wakafunga.

Wa mwisho alikuwa Klutse. Alifungua, akatazama ndani, akafunga. Kisha akakitoa kibao cha Hohoe, alama ya gari linalopakia kwanza, juu ya paa la gari lililokuwa mbele ya foleni, akakiweka juu ya gari la Senanu.